Ichukue Hiyo Kazi, Lakini Ujue Mlango wa Kufunga

Wiki jana nilipata ujumbe inboksi saa sita usiku. Unajua saa hiyo mtu hakuandikii kama hana kitu kinamsumbua. Ni msichana wa miaka 26, tumuite tu dadangu. Alisomea takwimu chuoni, amefanya vibarua vya utafiti hapa na pale, na amekuwa akitusaidia sana kwenye komenti kung'amua picha feki. Sasa idara moja ya serikali imemwita intavyu. Si kazi ya karani. Wanataka aongoze timu ndogo, watu sita hivi, wawe wakikusanya taarifa zilizo wazi mtandaoni, wazichambue, halafu wawaandikie wakubwa.

Swali lake lilikuwa fupi: "Nikienda, si mtaniita msaliti?"

Nimekaa na hilo swali siku nne. Idara siitaji, naye simtaji, lakini ameniruhusu nijibu hapa mbele ya watu wote. Jibu langu ni hili: nenda. Ila ujue kazi ya kiongozi wa timu kama hiyo ni kulinda milango miwili. Mmoja haufai kufungwa hata siku moja. Wa pili haufai kufunguliwa. Nchi nyingi zimekosea mmoja ama mwingine, na sisi Kenya tumekosea yote miwili.

Kwanza tuelewane hii kazi ni gani, maana wengi wetu tukisikia neno ujasusi tunaona msee wa miwani nyeusi ndani ya Subaru isiyo na namba. Ujasusi wa vyanzo vya wazi, ule wataalamu wanaufupisha OSINT, hauna kudukua simu wala kumvizia mtu. Ni kusoma kile ambacho hata wewe na bando lako la shilingi 50 unaweza kusoma: magazeti, redio, posti, video, ramani, picha za satelaiti, matangazo ya zabuni, hukumu za mahakama. Tofauti ni kwamba timu inasoma kwa mpango, inalinganisha, inahakikisha, halafu inasema: hiki tunajua, hiki tunadhani, hiki bado.

Wala si kitu kipya. BBC ilianza kitengo cha kusikiliza redio za nchi nyingine mwaka 1939, vita vikibisha hodi. Marekani ikafanya hivyo 1941. Leo hakuna haja ya kungoja redio. Satelaiti za Ulaya zinazoitwa Sentinel-2 zinapita juu ya shamba la shosho yako kila baada ya siku tano hivi, na picha zake ni bure kwa mtu yeyote duniani.

Na hapa kwetu hatukuletewa hii kitu kwa meli. Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, vijana wachache walijenga tovuti inaitwa Ushahidi. Mwananchi anatuma ujumbe wa simu ama anaandika kwenye tovuti: hapa kumechomwa, hapa watu wamekimbia. Inawekwa kwenye ramani, watu waone. Miaka miwili baadaye teknolojia hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Jina lenyewe ni la Kiswahili. Kwa hivyo mtu asituambie hii ni kazi ya wazungu wa sinema.

Lakini kuna kitu nilijifunza kwa aibu. Wakati wa mafuriko ya 2024, nilirusha video ya maji yakisomba magari, nikaandika ni Nairobi. Ilionwa na watu wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kutoa. Nilifurahi saa moja. Halafu mtu akaandika kwenye komenti: "Bosi, hayo magari yote yanaendesha upande wa kulia." Nikarudia kuiangalia. Kweli. Ilikuwa nchi nyingine kabisa, na ni video ya zamani. Mimi na macho yangu mawili sikuona barabara iko upande mbaya, kwa sababu nilitaka sana iwe kweli.

Wahenga wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye hii kazi, hiyo methali iache mlangoni na viatu. Lisemwalo linaweza kuwa halipo, halikuwahi kuwepo, na limetengenezwa na akili unde asubuhi ya leo. Mimi nilikosea nikafuta video. Serikali ikikosea hivyo, inatuma askari mahali ambapo hakuna kitu, ama inakosa kutuma boti mahali ambapo watu wako juu ya paa.

Sasa twende kwa mlango wa kwanza, ule usiofaa kufungwa. Nitawapeleka Canada kidogo, kwa sababu timu yao inatufundisha hili somo vizuri, na haikuwa timu ya wapelelezi. Ilikuwa ya watu wa afya.

Miaka ya tisini, serikali ya Canada ilijenga mfumo unaoitwa GPHIN. Wazo lilikuwa rahisi. Ugonjwa mpya ukizuka mahali, gazeti la mtaa linaandika kabla wizara ya nchi hiyo haijakubali. Basi mashine ikusanye habari za dunia kwa lugha nyingi, halafu wachambuzi, watu wenye akili zao, wasome na waamue ni gani kelele na ni gani moto. Mwisho wa 2002 mfumo huo ulinasa habari za Kichina kuhusu ugonjwa wa mapafu uliokuwa ukizunguka kusini mwa China. Ugonjwa huo ndio tulikuja kuuita SARS. Kutoka hapo timu ya Canada ikawa na jina, na Shirika la Afya Duniani likawa linaitegemea.

Halafu ikafika 2018 na 2019. Wakubwa wakaanza kuuliza mbona timu inaangalia magonjwa ya mbali badala ya mambo ya nyumbani. Na kutuma tahadhari, jambo ambalo wachambuzi walikuwa wamezoea kufanya wenyewe, sasa kukahitaji ruhusa ya mkubwa wa juu. Tahadhari ya mwisho ilitoka tarehe 24 Mei 2019. Baada ya hapo, kimya.

Desemba ikafika. Tarehe 30 Desemba, ProMED, mtandao wa wataalamu wa magonjwa wasio na jeshi wala polisi, wakatoa notisi kuhusu homa ya mapafu isiyoeleweka Wuhan, wakitegemea taarifa zilizokuwa zikizunguka mitandao ya China. Wale wa Canada nao habari ya Wuhan waliiona. Ilionekana kwenye ripoti yao ya ndani ya kila siku. Lakini tahadhari yenyewe haikutoka. Mkaguzi Mkuu wa Canada aliliandika hilo wazi Machi 2021. Tahadhari zilirudi Agosti 2020, wakati sisi wengine tumeshakaa ndani miezi tukipika mandazi na kuhesabu kafyu.

Sisemi tahadhari moja ingezuia korona. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyefuta timu. Mishahara ililipwa, kompyuta zilikuwa zinawaka, wachambuzi walikuwa kwenye viti. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kusema. Mtu mmoja juu akawa kizibo, na chupa nzima ikawa haina maana.

Tunafundishwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Dadangu, wewe kama kiongozi igeuze. Mkuu asiyesikia la mdogo ndiye huvunjika guu, tena anavunjika na wengine.

Na tusiwacheke watu wa Canada. Tume ya Waki, ile iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Ripoti hiyo hiyo ilisema watu wetu wa ujasusi walikuwa wameona vurugu zikija na wakasema. Dalili ya mvua ni mawingu, si ndiyo? Mawingu yalionekana. Hakuna aliyeanua nguo.

Ama chukua nzige. Mnakumbuka Januari 2020? Waziri wa Kilimo wa wakati huo aliwaambia wananchi wakiona wadudu wasiowaelewa wawapige picha, waweke mtandaoni, ndipo maafisa wake waangalie kama ni nzige. Hiyo siku tulimtengenezea vichekesho hadi simu zikaisha chaji. Mimi pia nilicheka. Leo nikifikiria, wazo lenyewe halikuwa baya. Mchungaji aliye Marsabit na simu mkononi yuko karibu na nzige kuliko satelaiti yoyote. Kilichokosekana ni timu ya kupokea. Nani anatenganisha nzige wa jangwani na panzi wa kawaida? Nani anahakikisha picha ilipigwa hapo na si Yemen? Nani anampigia simu mwenye ndege ya kunyunyiza dawa, na anampigia leo ama baada ya mkutano wa Alhamisi? Haikupita muda, FAO na watu wa PlantVillage kule Penn State wakaleta programu ya simu, eLocust3m, na kazi yake ni karibu ile ile: piga picha, mahali panajirekodi penyewe, ripoti inaingia kwenye ramani. Kwa hivyo waziri alikuwa na mlango, lakini nyuma ya mlango hakukuwa na nyumba.

Ndiyo maana nasema nenda. Mafuriko, magonjwa, ukame, bei ya unga, mbolea feki, hizi zote zinaacha alama mtandaoni kabla hazijafika kwenye meza ya mtu. Tunataka mtu anayejua kusoma hizo alama, na anayeweza kupaza sauti bila kungoja sahihi saba.

Tena kuna sababu nyingine. Serikali inayojua kuhakikisha ukweli haina sababu ya kukurupuka na uongo. Mwaka 2018 ilisambaa video ya wanaume waliovaa sare za kijeshi wakiwaua wanawake wawili na watoto wao. Serikali ya Cameroon ilianza kwa kusema ni habari feki. Watu wa BBC Africa Eye wakachukua ile milima inayoonekana nyuma kwenye video, wakailinganisha na picha za satelaiti mpaka wakapata mahali penyewe, kaskazini mwa Cameroon. Wakaangalia nyumba zilizojengwa na kubomolewa, wakaangalia vivuli vya watu, wakapata kwamba ilikuwa kati ya Machi na Aprili 2015. Serikali nayo ilitangaza imekamata wanajeshi saba. Hebu fikiria kama ndani ya wizara kungekuwa na dada mmoja wa kumwambia waziri, "Mheshimiwa, usiseme kitu bado. Ile milima ni yetu."

Sasa tufike kwa mlango wa pili. Huu ndio unamnyima dadangu usingizi, na mimi pia.

Hatujasahau Juni 2024. Hatujasahau wasee waliochukuliwa kwa nyumba, kwa vinyozi, kwa stage. Mwisho wa mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu kutekwa tangu Juni. Mei 2025, msanidi programu mmoja alikamatwa kwa kujenga tovuti iliyowasaidia wananchi kutuma barua pepe bungeni kuhusu Mswada wa Fedha. Barua pepe tu! Kesi yenyewe mahakama iliitupa Juni. Na mwezi huo huo wa Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya posti kuhusu mkubwa wa polisi. Akaletwa Nairobi. Kufika siku iliyofuata alikuwa amekufa, mikononi mwa polisi, na tukaambiwa eti aligonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti haukukubaliana na hiyo hadithi.

Sisemi nyuma ya kila kisa hapo kulikuwa na timu kama hii unayoitiwa. Ninachosema ni hiki: ili mtu akamatwe kwa posti, lazima kuna mahali akaunti iliunganishwa na jina, na jina likaunganishwa na mlango wa nyumba. Na ujuzi wa kufanya hivyo ndio ule ule wa kupata mlima wa Cameroon. Kisu kinachokata sukuma wiki hakijui kama kesho kitakata nini. Anayejua ni mwenye mkono.

Kwa hivyo nakupa kipimo kimoja, na nataka ukikariri hata ukiwa umelala. Timu yako iulize nini, wapi, na lini. Maji yamefika wapi? Ugonjwa ulianza lini? Hii video inaonyesha nini? Swali likifika kwa "nani", simama. Weka kalamu chini. Uliza: kuna uhalifu gani hapa, kwa sheria gani, na ni mahakama gani itaangalia kazi yangu?

Kuna wakati "nani" ni halali. Aprili 2025, filamu ya BBC Africa Eye kuhusu tarehe 25 Juni 2024 ilichambua zaidi ya picha 5,000 ili kuonyesha nani alifyatua risasi pale nje ya Bunge. Hapo kuna watu waliokufa, kuna bunduki ya umma, na ushahidi umewekwa mezani kila mtu aupinge akiweza. Hiyo ni tofauti sana na kuulizwa nani alimchora kiongozi akiwa ndani ya jeneza. Kuchora si mauaji. Kukasirika si ugaidi. Ukitumwa kutafuta mtu kwa sababu amemkera mkubwa, hiyo si kazi ya idara, ni kazi ya roho mbaya.

Na hata "nani" halali ina hatari zake. Aprili 2013, baada ya mabomu ya mbio za Boston, watu wa Reddit walijipa kazi ya upelelezi. Wakalinganisha picha, wakakubaliana, wakamtaja mwanafunzi mmoja aliyekuwa amepotea. Familia yake ikamiminiwa matusi huku bado inamtafuta. Kumbe hakuhusika hata kidogo, na alikuja kupatikana amekufa. Wale watu hawakuwa wabaya. Walikuwa na haraka, na hawakuwa na kiongozi wa kuwaambia "bado".

Wengine watakuambia, "Lakini si mtu mwenyewe ameweka wazi? Akaunti yake haijafungwa." Hapo ndipo nataka utulie. Mama jirani akifungua mlango wake apate hewa, haimaanishi uingie uhesabu sufuria. Wazi si sawa na bure. Katiba yetu, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, na mambo yake na ya familia yake yasitafutwe bila sababu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililotajwa, na zisizidi zinazohitajika. Najua, sheria hiyo hiyo ina nafasi ya usalama wa taifa. Watakuonyesha hiyo nafasi kabla hata hujapewa kiti. Ndiyo sababu nasema kiongozi ni muhimu kuliko programu yoyote mtakayonunua. Sheria imeacha mwanya. Wewe ndiye utakaa kwenye mwanya.

Basi ukipata kazi, utafanya aje siku ya Jumatatu? Mimi si mtaalamu wa ofisi, lakini nimesoma na nimeulizia, na haya ndiyo ningefanya.

Hakuna swali la mdomo. Kila ombi liandikwe: nani ameuliza, anataka kujua nini, ataamua nini akijibiwa. Mkubwa akikutumia skrinishoti kwa WhatsApp saa tano usiku na kuandika "huyu ni nani?", unajibu kwa heshima: "Sawa mkuu, tafadhali tuma kwa fomu." Utashangaa maombi mangapi yatakufa hapo. Mambo mengi mabaya hayapendi kuandikwa.

Weka njia uliyopita. Kila posti mnayotumia, hifadhi nakala, anwani, tarehe na saa, na kila hatua ya kuhakikisha. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa mwongozo mzima wa hii kazi mwaka 2020, unaitwa Berkeley Protocol. Usome kabla ya intavyu. Ukishindwa kumwonyesha mwenzako ulifikaje hapo, basi hukufika, ulibahatisha.

Awe na mtu wa kupinga. Kila ripoti ipitie kwa mtu wa pili ambaye kazi yake ni kutafuta gari linaloendesha upande mbaya. Tena mlipe vizuri. Na mkubaliane maneno: "tuna hakika", "inawezekana", "hatujui". Hilo la mwisho liandikwe bila aibu. Mkubwa anayeadhibu "hatujui" anajinunulia uongo.

Chagua watu vizuri. Usiajiri watu sita waliosoma chuo kimoja na wanakunywa kahawa mahali pamoja. Tafuta mtu wa Eastleigh anayesikia Kisomali, wa Kilifi anayesikia Kigiriama, wa Lodwar anayesikia Kiturkana, na kijana wa Umoja anayeamka na Sheng. Mashine itasoma "leo tunachoma pale Kenyatta Market" na ipige kengele ya hatari. Mtu wetu atajua ni mbuzi.

Na uwalinde watu wako. Hii sehemu inasahaulika. Mtu akitazama video za miili na damu siku nzima, haziishi akizima kompyuta. Zima sauti kama sauti haihitajiki. Badilisheni zamu. Hakuna kutazama peke yako usiku. Ukiona kijana wako ameanza kunyamaza sana, mpeleke nje mnywe chai, na umtafutie mshauri kabla hajaomba. Hukupewa mashine sita, umepewa watoto wa watu.

Sasa dadangu, turudi kwa swali lako.

Kukataa kazi hakutafanya kiti kibaki kitupu. Kitakaliwa. Pengine kitakaliwa na mtu mzuri, pengine na yule ambaye hajawahi kusema hapana maishani mwake. Lakini pia sitakudanganya kwamba mtu mzuri akiingia kila kitu kinakuwa sawa. Wachambuzi wa Canada walikuwa watu wazuri. Ukiingia bila masharti, baada ya mwaka mmoja utakuwa unaandika majina na kujiambia ni kazi tu.

Kwa hivyo nenda kwa intavyu, na wakimaliza kukuuliza wakisema "una swali lolote?", usiulize mshahara kwanza. Uliza haya matatu. Nani ana ruhusa ya kutuletea maswali, na yanaandikwa wapi? Tukiona hatari kwa wananchi, naweza kutoa tahadhari siku hiyo hiyo bila kungoja mtu asaini? Nikikataa ombi kwa sababu halina sheria nyuma yake, kukataa kwangu kunalindwa na nini?

Angalia nyuso zao. Wakijibu vizuri, ama hata wakisema "hilo hatujalifikiria, tusaidie", ichukue hiyo kazi na ufanye bidii. Wakiangaliana na kucheka, beba mkoba wako, sema asante, na urudi huku kwa komenti. Bado tuna picha feki nyingi na hakuna anayekulipa, lakini utalala.

Na kama utaichukua, sisi hatutakuita msaliti siku ya kwanza. Tutakungoja. Mvua kubwa ikija na watu wa Mathare wakapata onyo mapema wakahamisha watoto na magodoro, tutajua uko ndani na unafanya kazi. Na mtu akibebwa kwa sababu ya kichekesho, tutakuuliza ulikuwa wapi. Hiyo ndiyo bei ya hicho kiti.

Wasee, nyinyi mngeenda? Niambieni hapo chini, na msimtukane mtu yeyote anayesema tofauti. Na kama una video ya mafuriko ya kunitumia, asante, lakini kwanza angalia magari yako upande gani.